Hedifoni Zako na Hedifoni Zangu

Neema mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, nami nimekuja kukaa hapa kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu leo ni Jumapili, imezimwa, na hakuna wa kuniuliza ninaandika nini. Kesho asubuhi tutashuka wote mjini Kashikishi, kando ya ziwa. Wewe utapanda basi la Ndola, mimi nitarudi kambini Mantapala na mikono mitupu. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako pamoja na kiboksi kidogo. Ukikifungua utakuta hedifoni. Usicheke kwanza, soma.

Mambo ya blanketi, ya chakula, ya wavulana wa mjini na ya kusali umeshaambiwa na kila mwenye mdomo hapa kambini. Sitayarudia. Mimi nina mambo mawili ambayo nimekuficha, na kesho nikikuangalia usoni nitashindwa kuyasema.

La kwanza, sikusikii. Sisemi kwamba sikutii wala sikujali. Masikio yangu yameharibika, na sauti yako ni kati ya zile yaliyozipoteza. La pili, mama yako hakutuacha. Alibaki Pweto, ng'ambo kwetu Kongo, kwa sababu mimi nilijibu ndiyo kwa swali ambalo sikulisikia. Umemfungia moyo miaka mitatu, na mwenye kosa ulikuwa unampikia bukari, ugali wetu, kila jioni. Siwezi kukuacha uende koleji na uongo huo, nikae huku peke yangu nikijua bado unauamini.

Nianze na masikio. Tulipofika hapa ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwenye chigayo hiki, mashine hii ya unga, alitafuta mtu asiyeogopa dizeli na mkanda wa mashine, nikanyoosha mkono. Kelele yake wewe unaijua kwa mbali tu, kutoka nyumbani. Ukisimama pembeni yake inaingia mpaka kwenye meno. Akina mama wakileta mihogo mikavu hatusemezani, wananionyesha vidole: kimoja maana yake saga laini kabisa, viwili maana yake saga ya kawaida. Waliofanya kazi hii kabla yangu walijiziba masikio kwa pamba. Mimi nikajiona mjanja kuliko wao. Nilinunua vihedifoni vya kuchomeka, nikaweka rumba, nikapandisha sauti mpaka mwisho ili iishinde sauti ya mashine. Nilifanya hivyo toka asubuhi mpaka jioni, miaka na miaka, na akina mama walikuwa wananiona natikisa kichwa katikati ya vumbi la unga wanasema Papa Neema anafurahia kazi yake.

Nikuambie ukweli wote, haikuwa mashine tu. Siku zile nikikaa kimya nilikuwa nasikia tena mambo ya njiani tulipokimbia, na nilitaka kitu cha kuyafunika. Ule muziki uliyafunika. Jioni nilitoka na masikio yanapiga filimbi, nikadhani ni uchovu, na asubuhi kweli yalikuwa yamepona. Kisha ikafika asubuhi moja hayakupona. Niliogopa sana siku ile, Neema, na sikumwambia mtu. Nesi aliyenichungulia baadaye alisema hakuna uchafu wa kutoa, kilichochoka kiko ndani na hakirudi.

Zilizoondoka kwanza ni sauti nyembamba: ndege, mlio wa simu, watoto, wanawake. Wanaume wenye sauti nzito bado nawapata. Ngoma ya kanisani naipata mpaka tumboni. Lakini wewe ukisema nikiwa nimekugeuzia mgongo, nasikia kwamba kuna mtu anasema, basi. Maneno yenyewe hayafiki.

Nikajifunza ujanja wa kuficha. Nakaa nimeegemea ukuta ili kila mtu awe mbele yangu nimwone mdomo. Kanisani nacheka wengine wakicheka, na unakumbuka siku nilipocheka peke yangu kwenye tangazo la msiba? Nilimwona jirani anatikisika mabega, kumbe alikuwa anapiga chafya. Uliona haya, ukanikanyaga mguu. Ujanja mkubwa kuliko yote ni kwamba nasema mimi. Watu wanasema Papa Neema anapenda maneno, hampi mtu nafasi. Nasema ili nisiulizwe.

Na ukiniuliza kitu nisichokisikia, nina jibu langu moja: ndiyo mama, haina neno. Jibu hilo linafaa maswali mengi. Kwa swali la mama yako halikufaa.

Alivuka kwenda Pweto kumuuguza bibi yako, aje arudi baada ya majuma machache. Bibi akafariki, ikabaki nyumba na mashamba, na ndugu zake wakamwomba asiondoke. Akanipigia simu jioni moja, bado nina unga kwenye nyusi. Nilisikia sauti yake ikipanda na kushuka. Nilijua ni yeye, nikafurahi kwamba ni yeye, na neno hata moja sikulishika. Aliponyamaza nikajua ni zamu yangu. Nikasema ndiyo mama, haina neno. Akasema kitu kingine kifupi. Nikasema ndiyo, njo vile, ndivyo hivyo. Simu ikakatika.

Miezi ikapita. Mjomba wako Kasongo akavuka kuleta samaki Kashikishi, nikamkuta pale bandarini, na yule sauti yake ni nzito, namsikia vizuri. Akaniambia, “Shemeji, dada analia sana. Alikuuliza, ‘Unataka nibakie huku?’ We ukasema ndiyo. Akakuuliza tena, ‘Kweli?’ Ukasema njo vile. Tulikukosea nini?”

Neema, pale ndipo ningeweza kutengeneza kila kitu kwa maneno mawili. Ningesema: shemeji, sikusikia. Lakini kulikuwa na wanaume wengine wamesimama, wavuvi na wachuuzi, na mimi nikaona aibu kuitwa kiziwi mbele yao. Nikamwambia, “Ni mambo yangu na dada yako.” Nikaondoka na baiskeli yangu. Njia nzima nilikuwa najiambia nitampigia mwenyewe, kisha nikakumbuka kwamba nikipiga sitasikia atakachosema, na aibu ikazaa aibu nyingine. Simu yake ikiita nikawa naiacha iite. Mwisho akaacha kupiga.

Wewe mwenyewe ulinijia. Mama yako alikuambia kwa simu kwamba mimi ndiye niliyekubali abaki, hukuamini. Ukasimama mbele yangu kabisa, nikakuona mdomo, nikasikia kila neno: “Papa, ni kweli ulimwambia abakie?” Nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Ukaamua kwamba mama yako ni mwongo, na mimi nikakuacha uamue hivyo. Kosa la masikio nililifanya bila kujua. Hili nililifanya nikijua, na ndilo linaloniuma.

Ulipopata nafasi ya koleji nilianza kuhesabu siku kwa hofu. Hapa nyumbani angalau nakuona mdomo. Ukiwa Ndola utabaki sauti tu, na nilijua itakavyokuwa: utapiga, nitasema ndiyo mama haina neno, utapiga tena, na baada ya muda utachoka kama mama yako alivyochoka. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilipokuambia naenda kutafuta mkanda wa mashine, sikwenda kutafuta mkanda. Nilikwenda Kashikishi kutafuta hedifoni ambazo nitakusikia nazo, na nyingine za kukupa wewe.

Pale sokoni, karibu na wanaoanika dagaa wa chisense, kuna mama mmoja Mbemba anaitwa Bana Mulenga. Meza yake imejaa chaja, makava ya simu na hedifoni za bei yetu sisi. Ana Kiswahili cha biashara na subira ya ajabu. Ana simu yake yenye wimbo mmoja wa kujaribia, na kila mteja anachomekewa wimbo huo huo. Kwanza alinivalisha zile kubwa nyeusi za kichwani, zinazofunika sikio lote na kuwaka taa nyekundu.

“Ba tata, iyi njo namba wani,” akasema. Alikuwa mbele yangu, mdomo wake mkubwa namsoma vizuri. “Iko na besi mingi. Batu ba Kilwa, kisiwa ya hapa ziwani, banabeba hii tu.”

“Sababu gani?”

“Kule kisiwani baisikie nini ingine? Ni maji tu.”

Kweli besi ilikuwepo. Kifua kilitetemeka, nikajisikia kijana. Na mwanzo zilikuwa laini, kama mtu amekushika masikio kwa viganja. Lakini kabla wimbo haujaisha, masikio yalikuwa yameloa jasho na utosi unauma pale chuma kilipokandamiza. Nikafikiri pia nywele zako ukisuka, zitakaa wapi? Nikamwambia Bana Mulenga azime wimbo wake. Nikachomeka kwenye simu yangu, nikafungua ujumbe wako mmoja wa sauti. Ile besi ikakumeza. Nilisikia mngurumo unapanda na kushuka, kama zamani.

“Nataka kusikia mutu anasema,” nikamwambia. “Muziki sitaki.”

“Mutu gani?”

“Mutoto wangu.”

Akaniangalia kidogo, kisha akaacha kunisifia bidhaa. Akaanza kunitafutia.

Zikafuata zile ndogo zisizo na waya, zinazolala kwenye kisanduku chake. Nyepesi, huzisikii kama zipo. Tatizo nilikuwa natafuna karanga, na ya kulia ikachomoka ikaangukia kwenye beseni la chisense la jirani yake. Tuliitafuta watu watatu. Jirani akasema kama imeliwa na samaki nitailipia mimi, samaki wenyewe wamekauka toka juzi. Sauti ya hedifoni zenyewe haikuwa mbaya, lakini ilikatikakatika, na kitu kinachotaka kuchajiwa kila mara hakifai kwa paneli yetu ya sola inayogombaniwa na nyumba nne.

Za tatu ni zile za waya zenye vimpira laini vya kuingia ndani ya tundu la sikio. Anatoa na vimpira vya akiba, vikubwa na vidogo, na nilipojaribu vidogo vilikaa vizuri bila kuuma. Jambo lililonishangaza ni kwamba soko lote likafungwa nje. Nilimpa Bana Mulenga mwenyewe asikilize, maana mimi si shahidi wa kuaminika, akasema wimbo unatoka safi, besi kidogo, maneno kidogo, kila kitu mahali pake. “Hata kama sauti iko chini unasikia yote, mukwai,” akasema. Nikajua hizo ni zako. Bwenini kutakuwa na kelele, na mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti ili aishinde. Mimi ndivyo nilivyofanya. Hizi zinazuia kelele kwa vimpira, hutahitaji kupandisha. Ziweke chini, Neema. Mtu wa pembeni akisema neno, umsikie. Zikikuwasha badili vimpira, vioshe kwa maji na sabuni, usimwazime mtu masikio yako. Hayo tu ndiyo maagizo yangu.

Lakini mimi nazo sikukusikia. Nilisikia zaidi ya mwanzo, neno hapa neno pale. Nikasema basi, nimejaribu. Nikamshukuru mama wa watu nikataka kwenda zangu. Akainama chini ya meza akatoa mfuko wa vihedifoni vyeupe vya plastiki ngumu, vile ambavyo hata yeye havipangi juu.

“Hizi ni mubaya,” akasema. “Haziko na besi hata. Zinalia sauti ya bati. Lakini jaribu.”

Nilizivaa zikaniuma hapo hapo kwenye ukingo wa sikio. Nikafungua ujumbe wako. Na nikakusikia unasema, “Papa, unga umeisha, kuja na mingi kidogo, na usisahau chumvi kama jana.”

Nikaurudia. Nikausikia tena mpaka kwenye chumvi. Bana Mulenga akaniuliza kama ni habari mbaya, kwa sababu nilikuwa nalia mbele ya meza yake mchana kweupe. Nikamwambia hapana, ni chumvi. Akanipa kigoda chake.

Unajua hupendi kuandika, umekuwa ukinitumia ujumbe wa sauti miaka miwili sasa, na mimi nilikuwa nafungua, naona kile kimstari kinakimbia, nafunga. Ukiniuliza nasema nilisahau. Umeniona mzee msahaulifu kumbe sikuwahi kusikia. Nilikaa kwenye kigoda kile nikausikiliza mmoja mmoja. Uliniuliza nitakuja saa ngapi. Uliniimbia kipande cha wimbo mpya wa kwaya ukakosea, ukacheka. Ulisema umeota mama yako, kisha ukasema achana nayo. Na nikaufikia ule wa matokeo.

“Papa, nimepita! Nimepita yote! Kuja mbio nyumbani, nakupikia!”

Siku ile nilirudi jioni sana. Nilikuta kuku amepoa mezani, umevaa gauni la kanisani. Nikakuuliza, “Leo kuna sherehe gani?” Ukasema hakuna, ukaenda kulala. Kwamba umepita nilikuja kuambiwa na mchungaji, wiki iliyofuata. Nilifikiri umeninyima habari. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na furaha yako mfukoni siku nzima, sikuweza kuisikia.

Wa mwisho ni wa mwezi uliopita, na huo niliusikiliza mara nyingi kuliko yote. Unasema polepole, “Papa, kama hautaki niende, sema tu. Nitabakia. Mi sioni moyo wako uko wapi.” Hukupata jibu. Kesho yake nilikwenda biro, ofisi ya kambi, kukuombea karatasi ya kutoka kambini, nikakuletea, ukaipokea bila kuniangalia. Sasa najua ulifikiri ndilo jibu langu, kwamba nimekuchoka.

Jibu langu ni hili. Sitaki uende. Nyumba itakuwa kimya kwa namna mbili, kwa masikio yangu na kwa kuondoka kwako. Hakuna mwingine hapa ambaye nimejifunza mdomo wake kama wako. Na nataka uende. Nikikuambia ubaki utabaki, na utazeeka ukinionyesha vidole kama wateja wa mashine. Hayo yote mawili ni kweli, na nilitakiwa kukuambia mwezi uliopita.

Vihedifoni vile vyeupe nimevinunua. Nimevivika kasponji nilikokata kwenye godoro langu, sasa naweza kukaa navyo muda wa mazungumzo bila kuumia. Ijumaa niliteremka navyo mpaka ufukweni Kashikishi, ambako mtandao una nguvu, nikampigia mama yako. Nilianza mimi, kama kawaida yangu, ila safari hii nilisema la maana.

“Mama Neema, mi sisikii. Toka zamani masikio imekufa. Siku ile ulipiga, sikusikia hata neno moja.”

Nikavibana vihedifoni masikioni. Kisha nikaisikia sauti yake, nyembamba, ya bati, lakini maneno yote yamo.

“Hukusikia?”

“Sikusikia.”

“Na ukasema ndiyo.”

“Nikasema ndiyo.”

Alilia, akakasirika, akaniita majina ambayo sitayaandika, na yote niliyasikia. Nikamwomba aniulize tena lile swali lake. Akasema, “Papa Neema, nimeshapanda mihogo huku. Nimeshazoea. Siwezi kukujibu leo.” Sikumsukuma. Nimemwambia nitampigia tena Ijumaa hii. Sijui atasema nini, na sikuahidi chochote kwa niaba yako. Aliuliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nimemwambia. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kumpigia au kutompigia ni juu yako, lakini usiache kwa sababu ya uongo wangu.

Jua linashuka, utarudi sasa hivi, nami sitaki unikute nimeshika kalamu. Nimebakiwa na jambo moja.

Utanipigia. Nitakuwa nimevaa vile vyeupe, na siku nyingi nitakusikia. Lakini kuna siku upepo utavuma, au waya utalegea, au masikio yatakuwa yamepungua tena, maana yanazidi kupungua. Siku hiyo aibu itanirudia, najijua. Nitaogopa kukusumbua, nitaogopa useme Papa amekuwa mzigo, na jibu langu la zamani litatoka lenyewe kabla sijalizuia. Utaniambia unaumwa, au umefeli, au umempata mtu, au unarudi nyumbani, nami nitakujibu haraka haraka: ndiyo mama, haina neno.

Usikate simu. Sema tena.

Ni mimi, Papa yako